Bado Jiwe

Siku ile tulikuwa watu wanane katika chumba kimoja: baba mdogo Kasereka, aliyefika kutoka Kayna na koti la mvua ambalo hakulivua, shangazi yetu Tante Soki wa Beni, katekista wa mtaa, aliyekaa karibu na mlango ili aanze na amalize kwa sala, jirani yetu Mama Furaha, ambaye ndiye aliyepika, Mama Eleni, aliyepewa kiti pekee chenye mgongo, mdogo wangu Paluku, miaka kumi na mitatu, mdogo wetu wa mwisho Kavira, miaka saba, aliyelala juu ya mapaja yangu au aliyejifanya amelala, na mimi Masika, mkubwa wao, miaka kumi na saba. Nawataja wote kwa sababu maneno yaliyosemwa mle ndani yalisemwa mbele yao, na kwa sababu watano kati yao hawapo tena wa kuulizwa. Mama alikuwa amezikwa siku nane kabla. Baba alikuwa ametangulia, barabarani, pamoja na mzigo wake. Mengine ya ukoo siyaandiki. Naandika mwaka ule mmoja tu, kwa sababu mwezi uliopita Kavira alirudi Butembo baada ya miaka mingi ng'ambo, akafungua sanduku lake juu ya kitanda changu, akanitolea mimi dada yake mkubwa chupa ndogo ya kioo akasema, "Yaya, nusa." Nilinusa. Nililazimika kukaa chini.

Tulikula kwanza. Bugali ya mihogo, sombe ya majani ya mihogo, na samaki mkavu mmoja ambaye Mama Furaha alimgawa vipande hadi kikaonekana kitoweo. Wakati wa kula katekista alisifu sombe mara mbili. Kisha baba mdogo alinawa mikono, akaifuta kwenye koti, akaanza kugawa. "Paluku ataenda na miye ku Kayna. Ngombe iko, mashamba iko. Kavira ataenda ku Beni na Soki. Masika, yee amekomaa. Kuko mutu moja anamuulizia." Tante Soki alisema mtoto wa kike mmoja anaweza, wawili hapana. Walizungumza hivyo, bila ubaya, kama watu wanaopanga mizigo katika lori ili kitu chochote kisibaki barabarani. Kwetu ndivyo ilivyo: wazazi wakiisha, ukoo unakaa na kugawana watoto, na anayekataa mtoto anaonekana hana moyo. Mimi ndiye niliyeonekana sina adabu, maana nilisema, "Baba, siye hatutagawanyika." Baba mdogo alinitazama kwa mara ya kwanza tangu afike. "Nani alikuuliza? Hata maharagi tunagawanyaka, mwanangu, juu kila mutu akule." Nilihisi mwili wa Kavira umekakamaa juu ya mapaja yangu, nikajua kwamba hakuwa amelala.

Mama Eleni alikuwa mteja wa mama yangu. Mama alikuwa akipika kindingi, pombe kali ya mihogo na mahindi, nyuma ya nyumba yetu, kwa pipa na mrija wa shaba uliopita katika maji baridi. Wanaume walinunua kwa kunywa. Mama Eleni alinunua ile ya kwanza kabisa inayodondoka, yenye nguvu ya kuunguza pua, na hakuinywa hata tone. Mama yake alikuwa Munande wa Beni. Baba yake alikuwa Mgiriki aliyenunua kahawa pale Beni zamani, akafa na kuzikwa kulekule. Kwa ile pombe alitengeneza manukato. Aliyaita Maji ya Baba. Siku ile aliweka mikono yake yenye madoa juu ya fimbo akasema, "Kasereka, mama ya hawa batoto alinipikia miaka kumi na mbili, hapana siku moja alinichanganyia maji. Baache hapa mpaka misa ya mwaka ya mama yabo. Masika atatumika kwangu." Baba mdogo alicheka, na Tante Soki akacheka pia kwa kumfuata. "Kazi ya harufu, Mama? Mu vita hii? Nani anatafuta kunuka muzuri?" "Mu vita ndiyo banatafuta," akasema Mama Eleni. "Kukiwa amani banasahau." Baba mdogo akaacha kucheka. "Na nikirudi kwa misa ya mwaka nikute moja hapana? Moja amepotea, moja amelala na njaa, nani atajibia?" "Miye nitajibia." Katekista akasema, "Amesema mbele ya batu," akasimama kwa sala ya mwisho. Hivyo ndivyo tulivyopewa mwaka mmoja.

Nyumba ya Mama Eleni ilikuwa na ukuta wa matofali ulioanza kuanguka upande wa bonde, na ndani ya ukuta huo kulikuwa na milimao tisa, michungwa mikali miwili, na ua mrefu wa romarini, kichaka cha majani membamba yanayonukia, uliofika kifuani kwangu. Jikoni ndipo tuliposhinda kutwa. Ukuta mmoja ulikuwa mweusi kwa moshi, mwingine ulikuwa na rafu ambayo juu yake kulikuwa na vichupa mia na zaidi vya penisilini, vile vidogo vyenye kifuniko cha mpira, ambavyo tuliviokota na kuomba katika vituo vya afya, tukavichemsha mpaka harufu ya dawa iishe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumenya malimao. Ilinibidi kuchukua ngozi ya juu tu, ile ya njano, nyembamba kama karatasi, maana nyeupe ya chini huleta uchungu. Kisha tuliipika tena pombe ya pipa la mama yangu, ambalo sasa lilikuwa mikononi mwangu, mara ya pili na ya tatu, tukaipitisha katika makaa yaliyosagwa na pamba ili kuondoa moshi. Ngozi za malimao zilikaa humo siku kumi. Romarini siku nne. Majani ya mchungwa siku moja tu. Mwishoni kijiko cha asali, Mama Eleni hakuniambia kwa nini. Nilikuwa nimeacha masomo katika mwaka wa tatu wa sekondari, na daftari langu la jiografia lilibaki na kurasa nyeupe nyingi. Tulizikata vipande, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, *Maji ya Baba*, tukabandika kwa uji wa mihogo. Ndiyo kazi pekee ambayo mwandiko wangu umewahi kupata.

Alininusisha kila siku. Aliamini kwamba pua hufundishwa kama mkono. Baba yake alimweleza, tangu akiwa mtoto Beni, kuhusu kilima cha kwao: mawe meupe yaliyochomwa na jua mpaka huwezi kuyakanyaga, vichaka vikavu ambavyo mbuzi wakivigusa vinatoa harufu, milimao kwenye ngazi za mawe, na chini kabisa bahari. Mama Eleni hakuwahi kuiona bahari ile, wala nyingine yoyote. Alikuwa ameona Ziwa Edward mara mbili. Lakini alikuwa anajua kilima kile kuliko anavyoijua Butembo, na alijua kilichopungua katika kila chupa tuliyotengeneza. Alikuwa akifumba macho, ananusa, anatikisa kichwa. "Limao iko. Majani iko. Bado jiwe." Nilimuuliza siku moja, jiwe linanuka namna gani, Mama? Aliniambia nitoe mawe matatu mtoni, niyaweke juani, na nikamulie limao juu yake. Jua la Butembo halikuweza. Ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, na saa nane mvua inaanza. Tulinusa mawe baridi yenye limao, sisi wawili tumeinama kama kuku wanaokunywa, akaanza kucheka mwenyewe. "Baba angetuona! Angesema, mwanangu amekuwa kichaa, na amepata mwenzake."

Katika kabati la chumba chake, ndani ya kitambaa cha altare kilichochakaa, kulikuwa na chupa ya manukato ya kweli, ile ambayo baba yake alikuja nayo kutoka kwao. Ilikuwa imebaki nusu. Aliifungua mara moja kwa mwaka, siku ya Pasaka baada ya misa, kwa pumzi moja. Pasaka ile aliniita chumbani, akavuta pumzi yake, kisha akanigeuzia mdomo wa chupa. "Moja," akasema. Nilivuta. Siwezi kuandika nilichosikia. Naweza kusema tu kwamba kwa muda ule mfupi hapakuwa na vita, na pia sikuwa na njaa, na nilipotoa pumzi vyote viwili vilirudi palepale.

Maana njaa ilikuwepo. Watu wakisikia nyumba ya manukato wanafikiri raha. Wake wa wafanyabiashara walinunua kichupa kimoja kimoja, walilipa kwa chumvi, kwa mafuta ya mawese, kwa kipande cha sabuni. Kuna wiki tulikula matembele na chumvi, chumvi na matembele, na Paluku alikuwa akisema, "Yaya, leo tunabadirisha, tutaanza na chumvi." Waasi waliotutawala walikuwa wakipigana na waasi wengine, na kila mwezi mpaka ulihama. Mwishoni mwa mwaka watu walianza kufika kutoka Mangina na mbele yake, msituni, na magodoro vichwani, na watoto waliovimba miguu. Mama Eleni alifungua lango. Familia sita zililala katika baraza na chini ya milimao. Wiki moja baadaye homa iliingia uani. Wanawake wale walifanya kama sisi sote tunavyofanya huku: walichemsha sufuria kubwa ya majani, mikaratusi, mchaichai, majani ya mlimao, wakamfunika mgonjwa na blanketi juu ya mvuke mpaka atokwe jasho. Majani yalipopungua walikata romarini. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta ua wote umebaki vijiti. Mwanamke mmoja wa Mabalako, aliyekuwa na kisu mkononi, aliniambia bila kusimama, "Tusamee, mutoto wangu. Ilikuwa inanuka kama dawa." Mtoto wake alikuwa chini ya blanketi, na Mama Eleni naye alikuwa chini ya blanketi lingine, anatetemeka.

Na sasa nifike kwenye kosa langu. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mke wa komanda mmoja wa Beni alikuwa ametuma agizo: vichupa thelathini kwa arusi ya wifi yake. Alitanguliza gunia la maharagwe na gunia la mchele. Kwa magunia yale tulikuwa na hakika ya kufika misa ya mwaka bila mtoto kulala njaa, na kwa magunia yale Mama Eleni alilisha pia watu wa uani. Siku ya kupeleka ilipokaribia, maharagwe yalikuwa yameliwa, romarini ilikuwa imeisha, na Mama Eleni alikuwa hawezi kuinua kichwa. Nilikuwa na malimao na pombe. Nilikuwa pia na mikaratusi, ambayo Butembo haikosi, na mchaichai kando ya choo. Nikaloweka hivyo. Siku kumi nilikuwa nikiloweka jikoni, na siku hizo zote masufuria ya homa yalichemka hatua kumi kutoka hapo, nguo zangu, nywele zangu, hata bugali vilinuka mvuke ule, na pua yangu ilikuwa imeuzoea kiasi kwamba ilikuwa haiusikii tena. Niliponusa kichupa nilisikia limao tu, nikaona ni kizuri. Sikumwambia Mama Eleni. Ningesema hakuwa na nguvu ya kunusa, na ni kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba nilijua angesema hapana.

Tulienda na Paluku, kwa sababu sanduku lilikuwa zito na kwa sababu niliogopa barabara peke yangu. Lori la mbao lilitubeba. Nyumba ya komanda ilikuwa na sebule yenye makochi ambayo bado yalikuwa na plastiki, na wanawake kama kumi na wawili walikuwa wakinywa chai ya maziwa na mikate. Sijasahau mikate ile. Bibi harusi alikuwa katikati, anapakwa rangi ya kucha. Mke wa komanda, mrefu, mwenye nywele za kununua, alipokea sanduku akasema kwa sauti ya wageni wote, "Haya, ba mama, hii ndiyo parfum ya Bagiriki." Akafungua kichupa cha kwanza, akampaka bibi harusi shingoni na nyuma ya masikio. Bibi harusi akapiga chafya. Bibi mmoja aliyekuwa pembeni, ambaye nadhani hakuona vizuri, akainua pua akauliza, "Nani eko mugonjwa humu?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. "Mulete blanketi!" "Bibi arusi atokwe jasho!" "Na kidonge moja ya kinini kwa bwana!" Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikaribia kucheka, maana mlango ulikuwa wazi, hewa ya Beni ilikuwa imeisafisha pua yangu, na nilisikia mwenyewe: ilikuwa sufuria ya homa, hasahasa. Kisha mama wa bibi harusi akaacha kucheka, akaweka kikombe chini. Alikuwa amemzika kitindamimba wake miezi miwili kabla, na mtoto yule alifia chini ya mvuke huo. Alianza kulia polepole, kwa sauti ya chini, na waliokuwa karibu naye wakaweka vikombe vyao chini. Bibi harusi alijifuta shingo kwa kanga, akajifuta tena, harufu haikutoka. Mke wa komanda aliniinamia. Hakupaza sauti. "Ulikula maharagi yangu, ukaniletea kifo ku ndoa." Nikasema nisamehe, mama, nitaleta ya kweli. "Ndiyo, utaleta. Arusi iko samedi. Uyu kijana atabakia apa. Dimanche basoda banapanda Mangina. Kama hauyarudi, yee atapanda nabo." Askari aliyekuwa mlangoni alimshika Paluku mkono juu ya kiwiko, bila nguvu, kama unavyomshika mtu mnayefahamiana naye. Paluku hakulia. Alisema tu, "Yaya, enda mbio."

Ilikuwa Jumatano; Jumamosi arusi, Jumapili askari wapande Mangina. Nilitembea. Magari yaliyopita yalijaa askari na sikuthubutu kuyasimamisha. Nililala katika kanisa dogo la njiani pamoja na watu wa magodoro, na Alhamisi mchana niliingia katika lango la Mama Eleni na viatu mkononi. Homa yake ilikuwa imeshuka. Alikuwa ameketi kitandani, anakunywa uji, nywele zake nyeupe zimefumuka. Nilipiga magoti nikaanza kusema, akanizuia. "Leta mikono." Nikampa. Alinusa viganja vyangu, kimoja, kisha kingine. "Mikaratusi," akasema. "Na mchaichai. Masika, Masika." Kisha, "Paluku eko wapi?" Nikamwambia yote. Kavira alikuwa amesimama mlangoni na alisikia, na akajikojolea pale aliposimama, mtoto wa miaka saba, akaona haya, akakimbilia nyuma ya nyumba.

Mama Eleni aliweka uji chini. Nje mwanamke wa Mabalako alikuwa akimwimbia mtoto wake, aliyekuwa amepona. Kisha Mama Eleni akaniambia nifungue kabati. Nilielewa kabla sijaligusa, nikasema, "Hapana, Mama. Ile hapana." "Fungua." "Mama, niende mimi. Nitamwambia anibakishe mimi." "Wewe? Utapigana ku Mangina? Utabeba bunduki na mikono ya kumenya malimao?" Nikamletea chupa. Hakuifungua. Aliiweka mapajani, akafunika na viganja, kama unavyopasha moto yai. "Nilimuambia Kasereka nitajibia," akasema. "Donc, ninajibia." Nilikuwa nalia sana hata sikuona vizuri alipoinyoosha kwangu. Lakini hakuiachilia mara moja. Kwa muda tuliishika wote wawili. "Utanirudishia." Nikamuuliza, nitarudisha namna gani, Mama, kitu hiki hakipo. "Utakitengeneza. Wewe ulikinusa. Batu babili tu banakijua, miye na weye. Utanitengenezea, utaniletea, na miye ndiye nitasema kama ni yenyewe." Nikasema ndiyo. Nilikuwa na miaka kumi na minane kasoro. Ningesema ndiyo kwa lolote.

Nilifika Beni Ijumaa jioni, kabla ya kufungwa kwa barabara. Mke wa komanda aliifungua chupa, akanusa, na uso wake ukabadilika. Kwa kitambo alionekana msichana. Akasema taratibu, "Kumbe ilikuwa hivi." Kisha akakumbuka yeye ni nani. Alijimwagia viganja vyote viwili, akajipaka mikono mpaka viwiko. Akamwaga juu ya mito ya makochi, juu ya pazia, ndani ya viatu vya bibi harusi. Pumzi za Pasaka ambazo Mama Eleni angekuwa nazo hadi kufa, nilizihesabu zikianguka kwenye plastiki. Sebule nzima ilijaa kilima kile, na nilisimama ndani yake, na nilikuwa namtafuta Paluku kupitia dirishani. Alikuwa uani anaosha mabuti ya askari. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Alinifuata bila kuaga mtu, tukalala kwa Tante Soki, ambaye hakuuliza na sisi hatukusema, na alfajiri tukaanza safari. Tulivuka daraja la kwanza na la pili. Hapo Paluku akasema, akitazama mbele, "Yaya, nilikula nyama. Siku tatu, nyama." Baada ya hatua chache akaongeza, "Nilitaka kukuwekea."

Baba mdogo Kasereka alikuja kwa misa ya mwaka, na koti lilelile. Mama Eleni alijilazimisha kutembea hadi kwetu, akakaa katika kiti kilekile. Baba mdogo alitutazama mmoja mmoja, akafunua sufuria akaona maharagwe, ambayo Mama Furaha alitukopesha asubuhi ile. Akaangalia kichwa cha Paluku. "Mbona kichwa?" "Chawa," akasema Mama Eleni. Baba mdogo akasema, "Bon," akala, akasali, akarudi Kayna. Hakuzungumza tena juu ya kugawa. Paluku leo ana watoto watano na anaendesha lori la mbao, na Kavira nitamfikia. Hatukugawanyika. Jambo nililolitaka nililipata, na kila mara ninapotaka kulishukuru, nakumbuka viatu vya bibi harusi.

Niliendelea kumfanyia kazi Mama Eleni miaka sita mingine. Romarini ilichipuka tena kutoka kwenye vijiti. Kila msimu wa malimao nilimletea kichupa, na kila mara alifumba macho. Nilibadilisha siku za kuloweka, niliacha asali, niliongeza asali, nilijaribu magome, chumvi, majani makavu ya mzeituni ambayo padri mmoja alituletea kutoka safarini kwa ajili ya Jumapili ya Matawi. "Karibu," aliwahi kusema mara moja, nikaruka. "Karibu. Bado jiwe." Pasaka zilipofika aliketi chumbani baada ya misa, mlango umefungwa, bila chupa. Sikuthubutu kuingia. Siku alipokuwa anakufa nilimpelekea kichupa cha mwisho. Mkono wake haukuweza, nikakiweka chini ya pua yake. Alivuta. Nilisubiri, nikiomba aseme uongo. Angeweza, hapakuwa na mwingine wa kumkatalia. Alitikisa kichwa kidogo juu ya mto, upande mmoja, upande mwingine. Aliniheshimu mpaka mwisho, na sijui kama nimewahi kumsamehe kwa hilo. Tulipoosha mwili wake nilitumia chupa ile ile isiyotosha.

Na sasa Kavira. Anafanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja kando ya bahari ile, bahari ya baba wa Mama Eleni, japo si nchi ileile. Mwezi uliopita, juu ya kitanda changu, alinipa chupa ya dukani. Kulikuwa na limao. Kulikuwa na romarini, na majani fulani makavu. Na chini ya yote, mwishoni, wakati unadhani imeisha, kulikuwa na kitu kikavu, cheupe, cha moto. Nilikikumbuka kutoka Pasaka moja na kutoka sebule moja ya Beni. Hakukuwa na moshi. Sisi tulikuwa na moshi siku zote, tulipika juu ya makaa, na nilifikiri miaka yote kwamba kuna kitu tunakosa, kumbe kulikuwa pia na kitu kilichozidi. Kavira aliniangalia nilivyokaa, akasema, "Ndiyo yenyewe?" Nikasema, karibu sana. Akasema, "Twende basi, yaya, tumumwagie ku kaburi. Deni iishe. Umechoka."

Tulienda. Kaburi la Mama Eleni liko upande wa bonde, na msalaba umeinama. Kavira alifungua chupa akanipa, nikaishika juu ya udongo, na mkono wangu haukugeuka. Mama Eleni alisema utakitengeneza. Hakusema utanunua. Niliifunga chupa nikamrudishia Kavira, naye akakasirika, akaniambia kichwa changu ni kigumu kama cha baba mdogo Kasereka, na tukarudi nyumbani kila mmoja upande wake wa barabara, kama wazee wawili wasiosemezana.

Amekwisha kuondoka. Chupa ameniachia, na ninainusa asubuhi, pumzi moja, ili nisisahau ninachotafuta. Jana nilimtuma mtoto wa Paluku anitolee mawe matatu mtoni. Nikayapanga juu ya ukuta, nikamenya malimao manne, ngozi ya juu tu. Mikono yangu si ile tena, na nyeupe inaingia. Ukungu ulikaa hadi saa nne. Jua likaja, nikaweka kiganja juu ya jiwe kila baada ya muda, kama unavyompima mtoto homa. Saa nane mvua ikaanza. Nikayabeba mawe ndani, nikayaweka kando ya makaa ili yapate angalau joto hilo. Yakapata moto, nikakamua limao juu yake, nikainama. Limao ilikuwepo. Na moshi.